Mashine ya Kukereza Inatetema, Inanguruma, Inakamata Patasi: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Kifaa

Masika yaliyopita kijana mmoja anayekereza miguu ya vitanda pale Keko, Dar, aliniita nikaangalie mashine yake. Ilikuwa inatetema mpaka bisibisi zilizokuwa juu ya meza zinatembea zenyewe. Alikuwa ameshanunua beringi mbili mpya, ameshabadilisha mkanda, na sasa alikuwa anatafuta mota nyingine. Nikaomba kikombe cha maji, nikakiweka juu ya kitanda cha mashine, nikamwambia aiwashe bila mbao. Maji yakatulia. Tukafunga kipande cha mninga alichokuwa anakikereza, maji yakaanza kumwagika. Mashine ilikuwa nzima. Kipande ndicho kilichokuwa kimefungwa nje ya kitovu kwa karibu sentimita moja, upande mmoja moyo wa mti, upande wa pili ile nyeupe ya nje ambayo bado ina maji, halafu kinazungushwa kwa kasi inayofaa mguu mwembamba wa stuli. Pesa ya beringi ilikuwa imeshakwenda.

Kwa hiyo ninaandika kwa kufuata dalili. Unachokiona kwenye ncha ya patasi mara nyingi kimezaliwa mahali pengine: kwenye sakafu, kwenye puli, kwenye waya wa umeme, au ndani ya mbao yenyewe. Gusa kitu kimoja, jaribu, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo, hata mashine ikipona hutajua dawa ilikuwa ipi.

Kila karakana ina majina yake, basi tukubaliane haya. Kichwa ni upande wenye shafti inayozungushwa na mkanda. Mkia ni upande wa pili, wenye ncha inayoshikilia mbao. Kitanda ni zile reli mbili zinazobeba vyote. Kiegemeo ni chuma unachoegemezea patasi. Chaki ni ile yenye meno ya kubana kipande, na sahani ni bamba la chuma unalolifunga kwenye mbao kwa skrubu.

Kwanza umeme

Kabla ya kuchunguza dalili yoyote, chomoa plagi. Kuzima swichi hakutoshi. Kama mashine ni ya fezi tatu, shusha swichi kubwa na umwambie kila aliyepo karakanani kwamba mkono wako uko ndani ya mashine.

Nina sababu ya kulisisitiza hili. Jioni moja nilikuwa nachimba bakuli la mwembe, umeme ukakatika. Nikaona ni nafasi nzuri ya kukaza chaki. Nikaweka ufunguo, nikakaza, nikaitwa nje kupokea chai. Swichi ilikuwa bado imewashwa na ufunguo bado umekaa kwenye chaki. Umeme ukarudi. Nilisikia mlio mmoja tu, kama risasi. Ufunguo ulikuwa umetoboa bati la paa, juu kabisa ya mahali ninaposimama kila siku. Tundu lile nimeliacha makusudi, ingawa mvua inapita.

Hapa Dar umeme kukatika na kurudi ghafla ni jambo la kawaida, kwa hiyo swichi ya ukutani ya kuwashia taa haifai kuendesha mashine ya kukereza. Tafuta swichi ya sumaku yenye kontakta na vitufe viwili. Umeme ukikatika inajiachia, na ukirudi mashine haiwaki mpaka wewe ubonyeze. Kitufe chekundu kikae mahali unapoweza kukifikia bila kupitisha mkono mbele ya mbao inayozunguka. Kama bado hujapata swichi hiyo, jizoeze jambo moja: giza likiingia, mkono uende kwenye swichi kabla hujageuka. Na ufunguo wa chaki usiachwe kwenye chaki hata sekunde moja baada ya kuachiwa na mkono.

Mota inanguruma lakini haizunguki, au inaanza kwa kusuasua

Ukiisikia inanguruma, zima mara moja. Mota iliyosimama huku inapata umeme inaungua ndani ya dakika chache. Chomoa, kisha zungusha shafti kwa mkono.

Ikigoma kuzunguka, tatizo ni la chuma: mkanda umekazwa kupita kiasi, beringi imekamata, au mkia umesukumwa kwa nguvu sana dhidi ya mbao. Legeza mkia kwanza, maana hilo ndilo la bure. Mkanda wa V uliokazwa vizuri unabonyea kama nusu inchi ukiusukuma kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Ukiwa mgumu kama fimbo, unaila mota na beringi kwa pamoja.

Ikizunguka vizuri kwa mkono, tazama umeme. Karakana nyingi zinavuta waya wa kuongezea kutoka nyumba ya mwenye eneo, mita 30 au 40, waya mwembamba wa milimita za mraba 1.5, tena mwingine umeviringishwa kwenye gurudumu lake. Umeme unachoka njiani. Nguvu ya mota ya kuanza kuzunguka hupungua haraka kuliko volti zenyewe: volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, nguvu iliyobaki ni kama asilimia 60 tu. Ndiyo maana mashine ile ile inawaka vizuri asubuhi na kugoma jioni, watu wakirudi makwao na kuwasha pasi na majiko. Jaribu kuichomeka karibu kabisa na mita ya umeme kwa waya mfupi mnene. Ikiwaka, hukuwa na shida ya mota. Nunua waya wa milimita za mraba 2.5 au zaidi, na uunyooshe wote.

Waya ukiwa mzuri na bado inanguruma, mota ya fezi moja mara nyingi inalia kwa sababu ya kapasita, kile kikopo kinachoisaidia kuanza kuzunguka, iliyovimba au kuvuja, au ile swichi ndogo ya ndani imejaa unga wa mbao. Kapasita hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi, na inaweza kukupiga vibaya. Mpe fundi umeme aitoe. Wapo wanaoisaidia mota kwa kuivuta puli kwa mkono huku umeme umewashwa. Usifanye hivyo, na usimruhusu msaidizi wako afanye. Ikishika inashika ghafla, na vidole vinakwenda na mkanda.

Mota ya fezi tatu inayonguruma na kupata joto kwa kawaida imekosa fezi moja: fyuzi imekatika au waya umelegea. Na kama fundi umeme ametoka kuunganisha upya, hakikisha inazunguka upande sahihi kabla ya kufunga chochote. Ukisimama mahali pa kufanyia kazi, mbao inatakiwa iteremke kuja kwako. Ikizunguka kinyume, chaki au sahani inayofungwa kwa nyuzi za skrubu itajifungua yenyewe na kudondoka ikiwa inazunguka. Kubadilishana waya mbili kati ya zile tatu kunarudisha mwelekeo.

Mashine inatetema

Hapa ndipo pesa nyingi za mafundi zinapopotelea, kwa hiyo tutakaa kidogo. Kuna majaribio matatu, na yote ni ya bure.

La kwanza, washa bila mbao, kikombe cha maji kikiwa juu ya kitanda. Maji yakitulia, lawama ni ya mbao au ya kasi. Ruka aya tatu zinazofuata.

La pili, maji yakicheza, zima, chomoa, toa mkanda, kisha washa mota peke yake. Mota ikitetema yenyewe, angalia boliti zinazoishikilia na puli yake. Puli zinazochongwa mtaani mara nyingine tundu halikai katikati, na puli ya namna hiyo hata ukaibane vipi itatetema. Rudisha kwa aliyeichonga.

Mota ikitulia na kutetema kukarudi ukifunga mkanda, tatizo liko kati ya mkanda na shafti. Mkanda uliokaa miezi bila kuzunguka unashika umbo la puli na kupata nundu. Utausikia kama hatua za mtu anayechechemea: tap, tap, tap. Puli mbili zisipokuwa kwenye mstari mmoja mkanda unalika upande mmoja na kutoa unga mweusi. Weka rula ndefu au uzi kwenye nyuso za puli zote mbili uone kama zinagusa sawasawa. Halafu shika shafti kwa mikono miwili uitikise juu na chini. Ikicheza hata kidogo, sasa ndipo beringi imethibitika mbovu na unaweza kwenda kununua.

La tatu ni sakafu. Mashine nyingi nilizofanyia kazi zimechomelewa hapa hapa mjini kwa chuma cha chaneli, nazo ni imara kabisa, ila zimesimama kwa miguu mitatu kwa sababu sakafu si sawa. Pitisha karatasi chini ya kila mguu. Inapopita, weka kipande cha bati mpaka isipite. Funga boliti kwenye saruji kama eneo ni lako. Kama umepanga na mwenye nyumba hataki sakafu itobolewe, chomelea rafu chini ya mashine, jaza mchanga kwenye mifuko miwili ya saruji, ilaze hapo. Uzito ule unameza mtetemo kuliko unavyodhani.

Sasa mbao yenyewe. Kipande cha pembe nne kipate kitovu kwa kuchora mistari kutoka kona hadi kona kwenye vichwa vyote viwili. Usikisie kwa jicho. Kata kona kwa msumeno au randa mpaka kiwe na pande nane kabla hakijapanda kwenye mashine. Gogo lenye moyo upande mmoja lisogeze mpaka uzito ulingane: liachie huru kati ya ncha mbili, mkanda ukiwa umetolewa. Upande mzito utateremka chini. Sogeza kitovu kidogo kuelekea upande huo, rudia.

Kasi ndiyo inayoua. Kanuni ninayoitumia ni hii: zidisha kipenyo cha kipande kwa inchi na mizunguko kwa dakika, jibu liwe kati ya 6,000 na 9,000. Mguu wa inchi 3 unakubali mizunguko 2,000 hadi 3,000. Bakuli la inchi 10 linataka 600 hadi 900. Kipande kibichi ambacho bado hakijawa duara, anza chini ya hapo. Ukitaka kujua mashine yako inakwenda kasi gani, zidisha mizunguko ya mota, ambayo imeandikwa kwenye kibati chake na mara nyingi ni karibu 1,440, kwa kipenyo cha puli ya mota, kisha gawanya kwa kipenyo cha puli ya shafti. Puli ya inchi 3 kwenye mota na ya inchi 6 kwenye shafti inakupa 720. Zigeuze upate 2,880.

Fikiria bakuli la inchi 10 kwenye mizunguko 900. Ukingo wake unakwenda kama kilomita 43 kwa saa. Lile lile kwenye 3,000, kwa sababu fundi amekereza pini za kusukumia chapati asubuhi na hakurudisha mkanda kwenye puli, linafika kilomita 144, na nguvu inayovuta mbao ipasuke inaongezeka mara kumi na moja. Ndiyo maana kila unapobadilisha kazi unatazama mkanda uko puli gani kabla ya kuwasha. Na unapowasha, simama pembeni. Kipande kinachofunguka kinaruka mbele na juu, pale pale kilipo kifua cha anayetazama. Wateja na watoto wasisimame kwenye mstari huo.

Patasi inakamata na kuchimba

Unakwenda vizuri, ghafla patasi inanyakuliwa, mlio mkubwa, mbao ina shimo na mkono unauma. Kila mkereza ameonja hilo. Sababu ni chache na zinajirudia.

Ya kwanza ni kiegemeo kuwa mbali. Kadiri mbao inavyopungua, nafasi kati yake na kiegemeo inakua, na patasi inakuwa kama mtu aliyesimama kwenye ukingo wa ngazi. Acha milimita 3 hadi 6, si zaidi. Zima, sogeza, zungusha mbao kwa mkono mzunguko mzima kuhakikisha haigusi, kisha washa. Usisogeze kiegemeo mashine ikiwa inazunguka, hata kama una haraka ya oda.

Ya pili ni namna ya kuingia. Patasi bobari, ile yenye ncha ya mfereji, inaingia hivi: iguse kiegemeo kwanza, mbao baadaye. Inua ncha, laza kisigino cha makali juu ya mbao, yaani ule mteremko ulionolewa, sehemu yake ya nyuma. Mbao itapita chini yake bila kukatika, utasikia tu mlio laini wa kusugua. Sasa inua mpini polepole. Kuna mahali ambapo uzi mwembamba wa maranda utaanza kutoka. Simama hapo. Mkono uko salama kwa sababu mteremko unaegemea mbao na makali hayana njia ya kuzama. Anayeanza huingia kwa ncha kwanza, na ncha isiyo na kitu cha kuiegemeza huvutwa chini.

Patasi ya mshazari ndiyo inayotia watu hofu, na wana haki. Kata kwa nusu ya chini ya makali yake. Kona ya juu ikigusa mbao, imekwisha. Ya kukwangua, kinyume chake, haitaki kulala kwenye mteremko: ishike mpini ukiwa juu kidogo kuliko ncha, kiegemeo kikiwa usawa wa kitovu.

Makali butu ni sababu ya tatu, kwa kuwa butu hukufanya usukume, na anayesukuma hana breki. Kiegemeo chenye makovu ni ya nne, patasi inakwama kwenye kovu halafu inaruka. Kipige tupa mpaka kiwe laini, kisha pitisha mshumaa juu yake.

Kuna jambo lazima niliseme bila kuzunguka. Wengi wetu tunatengeneza patasi kutokana na tupa za zamani. Chuma cha tupa ni kigumu, kinanoleka vizuri, lakini ni kama kioo: ikikamata mara moja kwa nguvu inaweza kukatika vipande na kimoja kikakurudia usoni. Tumia springi ya gari. Inafuliwa, inapashwa moto mpaka sumaku isiivute tena, inazimwa ndani ya mafuta, halafu inarudishiwa moto mdogo ili isibaki na ugumu wa kuvunjika. Inakunja kabla ya kuvunjika, na hiyo ndiyo tofauti ninayoitaka kati ya uso wangu na chuma. Mpini uwe mrefu, sentimita 30 au zaidi kwa patasi ya bakuli.

Uso wa mbao una manyoya au umechanika

Msasa si dawa ya hili. Noa kwanza. Chuma cha kawaida kikigeuka bluu kwenye grainda kimepoteza ugumu wake. Kichovye kwenye maji mara kwa mara, na kama bluu imeshaingia, noa mpaka uipite.

Makali yakiwa mazuri, angalia mwelekeo. Kwenye mguu wa meza, kata kutoka palipo panene kuteremka palipo pembamba, kutoka pande zote mbili kukutana bondeni. Ukipanda mlima unainua nyuzi za mbao. Kwenye bakuli lililokatwa kutoka kwenye ubao, nje unakwenda kutoka kitako kuelekea ukingo, ndani kutoka ukingo kuelekea katikati. Paini bichi itatoa manyoya hata kwa makali mazuri. Iache ikauke. Mnazi ni tabu ya aina yake, nyuzi ngumu ndani ya nyama laini, unataka mkato mwepesi na kunoa kila baada ya dakika chache. Mpingo ukikutana na makali safi unatoka unang'aa bila msasa kabisa, na haishangazi kwamba wanaotengeneza klarineti wanauagiza kutoka huku kwetu.

Mti mrefu mwembamba unaruka katikati na kuacha alama za kuzunguka

Unasikia mlio wa kuimba, na uso unakuwa na mistari kama ya skrubu. Mti unapinda mbele ya patasi. Punguza shinikizo la mkia, maana mkia ukibana sana unaukunja kama upinde. Punguza kasi. Kiganja cha mkono wa kushoto kinaweza kuegemea nyuma ya mti kama kiko mbali na kiegemeo na mti umeshakuwa duara laini, lakini kwa nguzo za ngazi za mita nzima tengeneza kishikio cha mbao chenye mkato wa V, kifunge kwenye kitanda katikati. Anza kukereza katikati ungali mnene, malizia kwenye ncha.

Kunanuka moshi

Kama mkia wako una ncha tuli isiyozunguka na mbao, inahitaji tone la grisi, la sivyo inachoma. Bora ununue ile yenye beringi. Kama moshi unatoka kwenye mkanda, umelegea unateleza. Kama kichwa cha mashine kina joto mpaka huwezi kuweka kiganja, beringi inaharibika.

Kipande kimelegea au kimeruka

Skrubu za sahani zikiingia kwenye kichwa cha mbao, yaani kufuata nyuzi, zinashika kidogo sana kuliko zikiingia ubavuni. Ongeza urefu na idadi, au badilisha njia ya kufunga. Skrubu nyeusi za jipsamu zisitumike kabisa, zinakatika shingo. Mbao mbichi inanywea ndani ya meno ya chaki hata wakati wa chakula cha mchana, kwa hiyo ukirudi kazini kaza tena kabla ya kuwasha. Saidia kwa mkia kila inapowezekana. Na kabla ya kufunga kipande, kigonge kwa kidole na ukisikilize: chenye ufa kinajibu kwa sauti ya chungu kilichopasuka. Hicho usikikereze, hata mteja akisema ameutoa mti huo nyumbani kwa marehemu bibi yake.

Mwenye dalili ni wewe

Macho yanawasha, pua zinavuja, ngozi ya mikono ina vipele, kikohozi hakiishi. Chanzo ni vumbi. Mpingo, mvule na mkongo ina vumbi linalowasha ngozi na mapafu ya watu wengi. Na vumbi la mbao kwa jumla limewekwa na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, tangu 1995, kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Leso ya kufunga usoni haizuii vumbi laini la msasa. Vaa barakoa inayobana pande zote, fungua milango upepo wa bahari upite, na weka feni inayosukuma vumbi mbali na uso wako kwenda nje. Maranda lowanisha kidogo kabla ya kufagia.

Wakati wa msasa, ondoa kiegemeo kabisa, vidole visije vikabanwa. Shika msasa chini ya mbao, si juu, na usiuzungushe kwenye mti. Kupaka mafuta tumia karatasi laini inayochanika, usitumie kitambaa. Kitambaa kikishikwa hakiachii, na mkono unafuata.

Kwa sababu hiyo hiyo hakuna glavu kwenye mashine hii, hakuna mikono mirefu inayoning'inia, hakuna saa wala pete. Dada anayekereza afunge mtandio ndani ya ovaroli. Ndala zibaki mlangoni. Kinga ya uso mzima ni bora kuliko miwani pekee. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwenye karakana aweke kinga kwenye sehemu za mashine zinazozunguka, na mkanda wako ulio wazi ni mojawapo. Boksi la mbao nyepesi juu ya puli linatosha, na ni kazi ya saa moja.

Ulikereza duara, baada ya mwezi limekuwa yai

Mashine haina kosa hapa. Mbao ikikauka hunywea zaidi kwa kufuata duara za mti kuliko kuelekea moyoni, kwa mbao nyingi karibu mara mbili. Kwa hiyo kila duara lililokerezwa bichi litageuka yai, na lenye moyo wa mti katikati litapasuka kuanzia moyoni.

Dawa ni kukereza mara mbili. Bakuli la inchi 10 liache na ukuta wa inchi moja, yaani sehemu moja ya kumi ya kipenyo, paka nta au rangi ya mafuta kwenye vichwa vya nyuzi, yaani pale nyuzi zilipokatwa, liandike tarehe, liweke kivulini mbali na upepo wa moja kwa moja. Lipime kwa mizani kila wiki mbili. Uzito ukiacha kushuka, limekauka, sasa lirudishe kwenye mashine ulimalize. Mwembe unachukua miezi michache. Mpingo ni mvumilivu mno, na ukiuharakisha unapasuka.

Hata hivyo mbao iliyotulia hapa bado haijamaliza safari. Hewa yetu ya pwani ina maji mengi, na stuli iliyokauka Temeke itakauka tena ikifika Dodoma. Niliwahi kupeleka huko stuli nne za mninga, miguu yake nimeikereza vichwa vya duara na kuvibana kwenye matundu kwa gundi. Baada ya kiangazi kimoja mwenyewe akanipigia simu: miguu inazunguka ndani ya matundu yake. Nilipanda basi, nikazifungua zote, nikapasua kila kichwa cha mguu kwa msumeno, nikapigilia kabari ya mkongo ndani ya mpasuo, nyuzi za kiti zikikatiza kabari ili kiti kisipasuke. Sasa oda ya bara nikiipata, vichwa vya miguu navikausha kwanza wiki mbili ndani ya boksi lenye taa ya balbu inayotoa joto, na kabari naipiga kabla stuli haijatoka karakanani.